Shangazi, wanasema nimempaka binti yao majivu

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mama wa watoto wawili. Huu ni mwaka wa tatu napiga picha za watu Jumamosi na Jumapili: familia, mahafali, vipaimara, sendofu. Nina Canon ya mtumba, lenzi iliyokuja nayo na nyingine ya 50mm f/1.8. Mwezi uliopita nilipatana kazi ya sendofu kwa 250,000, nikapewa 100,000, zilizobaki baada ya kazi. Nauli, msaidizi na kusafisha picha 30 vilikula 85,000. Sherehe ilikuwa mchana, chini ya turubai la buluu, nami nilitumia flashi ya kwenye kamera na kila kitu otomatiki. Nilipowatumia picha 380 kwa WhatsApp, mama wa binti alinipigia akafoka: "Mwanangu umempaka majivu, na mimi mwenyewe sionekani." Amekasirika pia kwamba niliweka picha mbili Instagram kabla wao hawajaziona. Hawalipi. Wifi yangu naye anataka nikampigie mwanawe kipaimara, siku nzima, bure. Baba watoto anasema niuze kamera, maana imekula hela na Jumapili za nyumbani. Niache?
Mwalimu wa Wikendi

Marahaba mwanangu.

Kamera usiiuze wiki hii. Mtu akiuza kitu akiwa na hasira huuza kwa bei ya hasira. Ila kabla hujadai hiyo 150,000, kubali jambo moja: kuhusu rangi ya binti yake, yule mama ana haki. Siku ya sendofu ya mwanawe hairudi tena, na alichokuomba ni kumwona binti yake alivyo. Kwa hiyo tuanze na uso. Hela tutazifikia.

Majivu yale yana sababu zaidi ya moja, na zote zilikutana siku ileile.

Ya kwanza ni kamera yenyewe. Ikiwa otomatiki haijui inampiga nani. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuufikisha kwenye kijivu cha katikati. Binti alivaa gauni jeupe, nyuma yake kuna vitambaa vyeupe vya jukwaa, pembeni ya turubai kuna jua kali. Kamera ikaona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi ukazama gizani. Nawe ulipofika nyumbani ukavuta mwanga juu kwenye kompyuta. Picha ya JPEG, ile ya kawaida ambayo kamera imeshaibana, ikivutwa hivyo, weusi wake haurudi na rangi: unarudi kijivu, umejaa chengachenga. Hayo ndiyo majivu aliyoyaona mama.

(Shida hii ina historia. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la "Shirley", na ngozi nyeusi ikawa inapotea. Kamera za leo ni bora mno kuliko filamu zile, lakini hesabu ya kijivu bado imo ndani yake, na wa kuisahihisha ni wewe mwenye kidole.)

Ya pili ni turubai. Jua likipita kwenye turubai la buluu, kila aliye chini yake anakuwa wa buluu. Macho yetu huzoea baada ya dakika chache, kamera haizoei. Ngozi ya kahawia ikimwagiwa buluu hupoteza wekundu wake, ikachakaa. Turubai la njano nalo huwafanya watu waonekane wagonjwa. Ukuta wa kijani hufanya hivyo hivyo, na nyasi humulika kijani chini ya kidevu.

Ya tatu ni flashi pamoja na poda. Poda na krimu nyingi za kujikinga na jua zina titaniamu daioksaidi au zinki oksaidi, madini meupe yanayorudisha mwanga. Flashi ya kwenye kamera iko juu kidogo tu ya lenzi, basi mwanga unapiga uso na kurudi moja kwa moja. Uso unatoka mweupe wa unga, shingo na mikono vinabaki na rangi yake. Kwa macho ya kawaida mpambaji hakukosea kitu. Kwa flashi, amekosea. Piga picha moja ya majaribio kwa flashi mara tu binti anapomaliza kupambwa, mkiwa bado saluni, mwoneshe mpambaji, apunguze poda au ashushe rangi hadi shingoni. Inachukua dakika 2.

Sasa, sherehe nyingine ya namna hiyo uifanyeje? Mtoe binti katikati ya turubai. Msogeze hadi ukingoni, aelekee nje penye anga wazi, lakini jua lisimguse. Hapo mwanga unamjia usoni kutoka mbele, mpana na laini, na ubuluu wa turubai unabaki mgongoni. Baraza ya nyumba ni bora zaidi, hasa yenye sakafu ya saruji mbele yake, maana saruji hurudisha mwanga usio na rangi chini ya macho. Sakafu ikiwa ya udongo mwekundu, tandika shuka jeupe mbele ya miguu yake, nje ya fremu. Jua la saa 6 mchana liache kabisa kwa picha za uso. Linashuka kutoka utosini na kuacha mashimo meusi machoni. Omba saa nzima ya familia kuanzia saa 11 jioni, na iandikwe kwenye ratiba ya MC, la sivyo utaambiwa "subiri kidogo" hadi giza liingie.

Kamera iweke kwenye M, yaani unapanga mwanga mwenyewe. Barazani anza na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/4 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), kasi 1/200 ya sekunde, na ukiingia ndani zaidi panda ISO 400 au 800. Piga moja, kisha kuza uso kwenye skrini na uutazame uso tu, gauni baadaye. Unataka kuona mng'ao kwenye paji na mashavu, na bado uone ngozi, si doa jeupe. Gauni likimetameta kwenye skrini, yaani kamera inaonya kwamba mwanga umezidi hapo, na ni sehemu ndogo, kubali; likimetameta lote, msogeze ndani ya kivuli kidogo ili tofauti ya uso na nguo ipungue. Ukibaki otomatiki, walau bonyeza kitufe cha +/- ufike +1 kunapokuwa na weupe mwingi. Na ukiiambia kamera ipime mwanga wa doa moja tu usoni kwa mtu mweusi sana, kamera itazidisha mwanga, basi hapo shusha kiasi cha theluthi mbili hadi moja kamili.

Mafuta yanapong'aa usoni tumia tishu, gandamiza bila kusugua. Usiongeze poda.

Alama ya WB, inayoiambia kamera weupe ni upi, usiiache otomatiki chini ya turubai. Piga karatasi nyeupe iliyoshikwa mbele ya uso wake, uiambie kamera kwamba huo ndio weupe. Mkihama mahali, rudia. Na washa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Najua faili moja huwa kama MB 25 na kompyuta inalalamika, lakini ungekuwa nayo mwezi uliopita, leo ungekuwa na cha kuokoa.

Kuhusu mama "asiyeonekana": nadhani walisimama karibu, mama na binti, nawe ukatumia 50mm kwa f/1.8. Kwa umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayokaa kwenye fokasi hapo ni kama sentimita 6 tu. Aliyesimama nusu hatua nyuma amepotea. Watu wawili, f/4 na mabega yao kwenye mstari mmoja. Kundi la watu kumi, f/8 na urudi nyuma. Wala usitumie ile lenzi nyingine kwa 18mm karibu na uso wa mtu, inavuta pua mbele, na hakuna mama atakayekusamehe hilo.

Cha kufanya wiki hii ni hiki. Mpigie mama, usimwandikie. Mwambie: "Mama, nimeziangalia tena, umesema kweli, rangi haikukaa sawa. Naomba siku 7 nizirekebishe." Kisha chagua picha 40 kati ya zile 380. Hakuna mtu anayetaka picha 380. Kumpa zote ni kumtwisha kazi yako ya kuchagua, na mbaya zinazifunika nzuri. Kwa kila moja rekebisha kwanza rangi ya mwanga kwa kutumia sehemu nyeupe ya gauni iliyo kivulini, punguza buluu, ongeza joto kidogo. Halafu chagua uso peke yake na uupandishe mwanga nusu kituo (+0.5 kwenye programu), usizidi. Rudisha weusi uwe mweusi kweli, kwenye nywele na nyusi, maana uso unapata uhai kutoka hapo. Malizia kwa kulinganisha uso na mikono.

Na hapa nakuomba sana: usimchubue. Kumpa mtu mwanga ni tofauti na kumbadilisha rangi. Najua wapo wateja watakaokuambia "ning'arishe kidogo", na zipo programu zinazofanya hivyo kwa kidole kimoja. Binti mweusi aliyepigwa vizuri anang'aa bila mkorogo wa kompyuta, na watoto wake watakapoitazama picha hiyo wanapaswa kumkuta mama yao.

Mpe binti pia kipindi cha saa moja cha picha za jioni, yeye na mama yake na gauni lilelile, bure. Picha zote mpya zitume WhatsApp kama waraka, si kama picha, au kwa kiungo cha Google Drive. WhatsApp ikituma kama picha huibana, na nusu ya malalamiko ya "picha hafifu" yanazaliwa hapo. Baada ya hayo ndipo utaje 150,000. Akilipa 100,000 akasema basi, pokea na ushukuru. Asipolipa kabisa, samehe, na usiweke neno lolote kwenye status.

Suala la Instagram halina utetezi. Hilo kosa ni lako peke yako. Zitoe leo, kabla hujampigia. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Hata bila sheria, familia ina haki ya kuwa ya kwanza kuona. Omba ruhusa kwa maandishi, picha kwa picha, na kwa watoto muombe mzazi. Wanafunzi wako usiwaweke kabisa.

Sasa hela. Ulipokea 100,000, ukatumia 85,000, ikabaki 15,000. Saa 6 za sherehe, 2 za njiani, 3 za kuchagua na tuseme 9 za kuhariri ni saa 20. Umefanya kazi kwa 750 kwa saa, na hapo hujaweka hata senti ya kamera. Baba watoto hakuonei wivu, mwanangu, ameona hesabu ambayo wewe hukuiandika. Hata wangelipa yote, ingekuwa 165,000, sawa na 8,250 kwa saa. Kwa hiyo kosa halikuwa bei peke yake. Mlipatana kwa mdomo. Kuanzia sasa andika ujumbe mmoja wa simu kabla ya kila kazi: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha zilizohaririwa, zinazosafishwa ni ngapi na za ukubwa gani, siku ya kukabidhi, bei. Mteja ajibu "nimekubali". Nusu ilipwe ili tarehe ishikwe, nusu nyingine atakapoona picha ndogo zenye jina lako katikati, kabla hujamkabidhi kubwa. Wateja wazuri hawachukii utaratibu huu. Wengi wao wanashona nguo kwa fundi anayetaka nusu kwanza.

Kila malipo yakiingia, tenga sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya vifaa, kwenye laini ya M-Pesa ambayo si ya nyumbani. Betri ya pili kabla ya lenzi ya pili. Diski ya nje kabla ya flashi. Kadi usiifute mpaka picha ziwe sehemu mbili tofauti. Na kwa unyevu wa masika, hifadhi lenzi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko mkali na vifuko vya silika jeli, fangasi wakiingia kwenye kioo hawatoki kwa kitambaa.

Wifi yako usimnyime, ila usimpe siku. Mpe zawadi yenye kipimo: "Wifi, zawadi yangu kwa mtoto ni saa moja baada ya misa, picha 15, na moja nitaisafisha kubwa. Mkitaka sherehe nzima, bei yangu ni hii, na wewe nakupunguzia." Sema mapema, sema mbele ya mumeo, ili isiwe maneno ya pembeni. Ndani ya kanisa muulize katekista pa kusimama, na flashi izimwe.

Kwa baba watoto peleka daftari. Keti naye, mwoneshe kila kazi ya miezi mitatu iliyopita, iliyoingia na iliyotoka, hata zinazotia aibu. Kisha mpatane: Jumamosi mbili kwa mwezi, Jumapili hakuna kazi, wiki za kusahihisha mitihani hupokei mtu. Ahadi ya kukabidhi iwe siku 14 badala ya "kesho kutwa", usiache kulala. Jaribuni hadi mwisho wa muhula, daftari likiwa wazi mezani. Likionesha hasara tena, hapo mtazungumza kuuza, na utauza kwa bei nzuri.

Na Jumapili hii, mpige picha yeye na watoto. Barazani, saa 11:15, f/4.