Maswali na majibu: Mazoezi ya kufundisha katika shule ya lugha mbili, Madrid

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa wanafunzi wa ualimu wanaojiandaa kwenda Hispania. Nami mazoezi yangu niliyafanyia huko, katika shule ya msingi ya serikali jijini Madrid.

Shikamoo mwalimu. Nasoma Toronto, nimepangiwa Madrid, na Kihispania changu ni cha kuombea maji. Nitafundishaje?

Marahaba, mdogo wangu. Hicho cha kuombea maji kinatosha kuanzia. Mpango wa lugha mbili wa mkoa wa Madrid ulianza 2004 na shule 26 za msingi, na humo sayansi, sanaa na masomo mengine hufundishwa kwa Kiingereza. Hisabati hubaki kwa Kihispania. Wewe utawekwa upande wa Kiingereza.

Tena kukijua sana Kihispania kuna mtego wake. Mimi nilikijua kiasi, basi wiki ya kwanza nikawa nafundisha sayansi darasa la tatu hivi: sentensi kwa Kiingereza, halafu tafsiri. Niliona nawahurumia. Siku ya tatu nikagundua kwamba nikisema Kiingereza watoto wanachorachora pembeni mwa daftari, nikianza Kihispania ndipo wanainua vichwa. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia akanivuta mlangoni, akaniambia: ukitafsiri, unawafundisha kusubiri.

Kesho yake nilikuja na ua jeupe, glasi ya maji na rangi ya bluu ya chakula. Nikatumbukiza shina, nikapitisha kidole pale maji yanapopandia, nikataja shina, jani na petali kwa Kiingereza peke yake. Asubuhi iliyofuata petali zilikuwa zimechorwa mishipa ya bluu, na msichana mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo akaja mbio kunieleza, kwa Kiingereza cha maneno manne, kwamba ua limekunywa maji.

Mtoto akinijibu kwa Kihispania, nimkatalie? – Msomaji, Minneapolis

Hata kidogo! Hili linanigusa. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Tanga, nikaingia kidato cha kwanza na ghafla kila kitu kikawa Kiingereza. Usanisinuru nilikuwa naujua vizuri. Mwalimu alipouliza mimea inajitengenezeaje chakula, nikanyoosha mkono, nikaeleza jua, maji na hewa kwa Kiswahili. Nikaambiwa nikae. Sikunyoosha mkono tena muhula mzima, na jibu nilikuwa nalo.

Kwa hiyo lipokee jibu, lisifu, ulirudie wewe kwa Kiingereza, uliandike ubaoni, kisha umwombe alitamke pamoja na wenzake. Kutokutafsiri ni sharti lako wewe mwalimu. Mtoto mwache aanzie pale alipo.

Wanafunzi wananiita jina langu tupu. Ni dharau?

Sivyo. Hispania mwalimu huitwa kwa jina la kwanza, au «profe». Sisi tuliozoea darasa zima kusimama mwalimu akiingia hilo linatushtua, lakini wale watoto walinipenda na kunisikiliza. Jambo jingine: mtoto akikwambia kwa Kiingereza kwamba amefunga choo, mtazame pua kwanza. Kwa Kihispania *constipado* ni mtu mwenye mafua.

Ni karatasi gani huchelewesha watu?

Cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai. Tangu 2015 sheria ya Hispania inamtaka kila anayefanya kazi na watoto athibitishe kwamba hana hatia ya makosa ya kingono. Cheti cha nje huhitaji apostili, yaani uthibitisho wa Mkataba wa Hague wa 1961, pamoja na tafsiri rasmi. Kanada imeanza kutoa apostili Januari 2024, kwa hiyo usifuate maelekezo ya zamani ya kuzunguka ubalozini. Walio Marekani, cheti cha FBI huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, si na jimbo. Na kabla ya yote hayo chuo chako kikupe kwa maandishi kwamba wiki za huko zitahesabiwa kwenye leseni ya ualimu.

Niko Morogoro, naenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuoni kwetu, sisafiri popote. Kuna la kwangu hapo?

Lipo, mwanangu, na pengine wewe ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote. Kidato cha kwanza chako ni darasa la lugha mbili, ila hakuna aliyeliita hivyo. Bandika ukutani maneno ya somo kwa Kiswahili na Kiingereza, yakae ubavu kwa ubavu. Swali gumu wape dakika 5 walijadili kwa Kiswahili, wawili wawili, kisha waandike jibu kwa Kiingereza. Dakika hizo ziandike kwenye andalio la somo, ili mkufunzi akija kukukagua azikute zimepangwa.