Kuzunguka Upper Peninsula na hema, peke yako

Dada, umeuliza kama mwanamke peke yake anaweza kuzunguka hifadhi za jimbo la Michigan, Marekani, hasa za Upper Peninsula, yaani rasi yake ya kaskazini, kwa gari na hema. Anaweza, tena vizuri tu. Mimi ningevuka daraja la Mackinac nianzie Tahquamenon: maporomoko ya mita 15 hivi, na maji kama chai ya rangi kwa sababu ya tanini, kemikali ya mimea inayotoka kwenye vinamasi vya mierezi. Kisha elekea magharibi mpaka hifadhi ya Porcupine Mountains, na pale usilale usiku mmoja tu, utajuta.

Nafasi za kambi huanza kuwekwa miezi 6 kabla, na wikendi za Julai huwahiwa; nenda katikati ya wiki. Gari la jimbo jingine hulipia kibali cha kuingia, mbali na ada ya kambi. Kuni nunua hukohuko, maana mdudu anayeangamiza miti, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, husafiri ndani ya kuni.

Dubu weusi wapo. Chakula, hata dawa ya meno, fungia garini, usiweke hemani. Ila watakaokutesa hasa ni mbu wa Juni. Mtandao nao hukatika sana huko, kwa hiyo pakua ramani mapema na umwachie ndugu ratiba yako.