Kamati ya ufundi inaweza kumwagiza mtu kazi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuko vijana saba hapa Mbeya, tunaandika kwa kujitolea programu huria ya kurekodi mizani ya kahawa kwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Mbozi. Anayetunza sehemu ya ujumbe mfupi alikataa marekebisho ya mwenzetu. Kamati ya ufundi ikapiga kura, ikamwagiza aandike upya sehemu yake ndani ya wiki mbili. Amesusa. Tunaweza kumfukuza?

JIBU: Marahaba. Kumfukuza mtamfukuza, lakini nani atairithi sehemu yake? Swali lako halimtaji mrithi, nami nahisi hayupo.

Kukaa kikao si kosa. Kosa ni kumpangia kazi mtu msiyemlipa. Debian, mradi mkubwa wa kujitolea unaotengeneza mfumo huria wa kompyuta, una katiba tangu 1998, na humo imeandikwa kwamba asiyetaka kazi aliyopangiwa halazimiki kuifanya. Anachokatazwa ni kuhujumu uamuzi uliopitishwa kihalali. Kamati yao ya Ufundi haibuni suluhisho, inachagua kati ya mapendekezo yaliyokwisha kuletwa, tena baada ya mazungumzo kushindikana. Kuupindua uamuzi wa mtunzaji wa sehemu kunahitaji kura tatu kwa moja. Hata hivyo mambo huwaka: Februari 2014 kura kuhusu systemd, programu inayoanzisha huduma kompyuta inapowashwa, zilifungana, mwenyekiti akaamua kwa kura yake, na kabla ya mwaka kwisha wajumbe kadhaa walikuwa wamejiuzulu.

Kwenu basi: marekebisho ya mwenzenu yapo na yanafanya kazi? Pigeni kura yaingie au yasiingie. Yakipita, aliyeyaandika ayaingize mwenyewe, na mtunzaji asiyaondoe. Kama hayajaandikwa, hamna cha kupigia kura.

Kinachonichosha ni hawa wanaojiita washauri, wanaouzia vijana katiba zilizonakiliwa kutoka VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Mwenyekiti yupo, mhazini yupo, kamati ndogo zimejaa, ila hakuna mstari unaosema nani ana neno la mwisho juu ya sehemu ipi ya msimbo (maandishi ya programu), na wawili wakigongana nani aamue. Kwenye VICOBA mwanachama anabanwa na hisa zake. Huku mtu anafunga kompyuta, anakwenda zake Mwanjelwa.

Na katiba hizo hazigusi nywila. Miradi mingi ninayoiona, mtu mmoja ndiye anayeingia kwenye hifadhi ya msimbo na kulipia jina la tovuti. Huyo anaishinda kamati yoyote bila kupiga kura. Kama kwenu ndiye huyo huyo aliyesusa, anzeni kwa kumpigia simu kwa upole.