Vodka kwa mnywaji wa mara mojamoja: bei inalipia nini?

Ninakunywa vodka mara chache, na chupa moja inaweza kukaa kabatini kwangu kwa miezi mingi bila kuisha. Hata hivyo napenda kujua ninachokinywa, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikinunua kwa makusudi chapa za bei ya chini, za bei ya kati na za bei ya juu, nikizionja kwa kuzilinganisha, kisha nikiandika pembeni nilichokiona katika kila moja. Wanaoniomba ushauri huuliza karibu wote swali moja, yaani vodka ipi ni bora. Nimefikia uamuzi kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya jingine: utainywaje? Anayeinywa kavu, yaani bila kuichanganya na chochote, anayeichanganya na maji ya toniki, na anayeimimina ndani ya juisi nzito ya matunda wananunua vitu vitatu tofauti, hata kama wote wamesimama mbele ya rafu moja.

Sababu yake imo katika jinsi kinywaji chenyewe kinavyotengenezwa. Nafaka, viazi au zabibu huchachushwa kwa hamira, kisha kileo kinachopatikana hukenekwa, yaani huchemshwa ili mvuke wake utengane na maji na kukusanywa upya, mpaka kibaki kikiwa karibu safi kabisa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinadai kileo hicho kifikie angalau asilimia 96, na za Marekani asilimia 95. Baada ya hapo huongezwa maji hadi kiwango cha kunyweka, ambacho hakipaswi kushuka chini ya asilimia 37.5 Ulaya na asilimia 40 Marekani. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya chupa ni maji, na sehemu iliyobaki imesafishwa kiasi kwamba tofauti kati ya chapa na chapa lazima iwe ndogo. Ndogo, lakini ipo. Hadi mwaka 2020 kanuni za Marekani zilieleza vodka kuwa kinywaji kisicho na sifa, harufu, ladha wala rangi ya kukitambulisha; mwaka huo maneno hayo yaliondolewa, na kwa maoni yangu yaliondolewa kwa haki, kwa sababu mtu yeyote akiweka glasi mbili za vodka zilizotokana na mimea tofauti na kuzionja kwa utulivu atagundua kwamba hazifanani.

Jambo ninalolitazama kwanza kwenye lebo, basi, ni mmea uliotumika. Absolut ya Uswidi hutengenezwa kwa ngano, sawa na Grey Goose ya Ufaransa na Ketel One ya Uholanzi, ambayo ni ya familia ya Nolet inayokeneka pombe kali huko Schiedam tangu mwaka 1691. Vodka za ngano kwangu ni laini, zenye utamu mdogo wa mbali, na ndizo ninazompa mtu anayeanza kwa sababu hazimshtui. Belvedere ya Poland hutokana na rai, nafaka ya jamii moja na ngano, na ladha yake ina ukali wa pilipili manga pamoja na harufu ya mkate mweusi uliotoka tanurini. Ikinywewa kavu, hii ndiyo aina ninayoipenda kuliko zote. Viazi hutoa kitu kingine kabisa. Luksusowa, ambayo nayo ni ya Poland, na Chopin ile ya viazi hukaa nzito mdomoni, zikiwa na hali ya ulaini unaokaribia krimu, na wapo wanaozipenda kwa hilo na wapo wanaozichoka baada ya glasi ya kwanza. Finlandia ni ya shayiri, na mimi huiona safi na isiyo na utamu. Tito's ya Texas ni ya mahindi, na utamu wake huonekana wazi hata ukiwa umeweka barafu nyingi. Cîroc hutengenezwa kwa zabibu, na harufu ya tunda haifichiki. Ulaya, vodka isiyotokana na nafaka wala viazi inalazimika kutaja kwenye lebo kilichotumika, jambo linalomsaidia sana mnunuzi anayesoma kabla ya kulipa.

Maelezo kwamba vodka imekenekwa mara tatu, mara tano au mara sita siyapi uzito. Viwanda vikubwa hutumia mitambo ya minara mirefu inayokeneka mfululizo bila kusimama, na ndani ya mnara mmoja mvuke hupanda na kushuka mara nyingi sana, kwa hiyo idadi inayoandikwa kwenye chupa hutegemea namna mtengenezaji alivyoamua kuhesabu. Kuchujwa kwa mkaa kuna faida ya kweli, kwa sababu mkaa hunasa baadhi ya vitu vinavyoleta ukali kooni, lakini karibu kila mtengenezaji huchuja kwa namna fulani. Reyka ya Iceland hupitishwa kwenye mawe ya volkano. Ni habari nzuri kuisoma, ila singeongeza pesa kwa ajili yake.

Kuhusu bei, historia ya Grey Goose inafundisha mengi. Mfanyabiashara Mmarekani Sidney Frank aliianzisha mwaka 1997, na tangu mwanzo aliipangia bei ya juu kuliko vodka nyingine zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za kifahari, akiamini kwamba bei yenyewe ingemwambia mnunuzi kuwa kilichomo ni bora. Mwaka 2004 aliiuza kwa kampuni ya Bacardi kwa zaidi ya dola bilioni 2. Vodka yenyewe imetengenezwa vizuri na ninaiheshimu, lakini historia hiyo inaonyesha kwamba bei ya rafu ya juu haipangwi kwa kuangalia gharama ya ngano peke yake. Mwaka mmoja baadaye, jopo la waonjaji wa gazeti la The New York Times lilionja vodka bila kujua majina yake, na Smirnoff, ambayo ni ya bei nafuu, ikazishinda chapa nyingi zilizokuwa ghali zaidi.

Majaribio yangu ya nyumbani yamenipeleka karibu na hapo. Vodka za bei ya chini kabisa mara nyingi zina mchomo mkali unaobaki kooni na harufu inayokumbusha dawa ya kusafishia vidonda, na hazinyweki kavu kwa raha. Ukipanda hatua moja hadi rafu ya kati, mabadiliko ni makubwa na kila mtu huyaona. Ukipanda tena kutoka katikati hadi juu, ambako bei inaweza kuwa mara mbili au tatu, mabadiliko yanakuwa ya aina na si ya ubora: unapata rai badala ya ngano, au uzito wa viazi badala ya wepesi wa shayiri. Tofauti hiyo inastahili kulipiwa na mtu anayekunywa kavu au anayetengeneza martini, kokteli (kinywaji cha kuchanganya) ambamo vodka ndiyo karibu kila kitu. Ndani ya juisi ya nyanya au ya machungwa inapotea yote, na nimewapa wageni chapa mbili za bei zilizopishana sana ndani ya juisi hiyo hiyo bila yeyote kuzitofautisha.

Kuna hesabu ndogo ambayo wanunuzi wengi huiruka, na inaokoa pesa zaidi kuliko ushauri wowote kuhusu chapa. Chupa za Ulaya kwa kawaida huwa na mililita 700, za Marekani mililita 750, na kuna za lita nzima; kiwango cha kileo nacho hubadilika, maana hata chapa moja inaweza kuuzwa ikiwa na asilimia 37.5 katika nchi moja na 40 katika nyingine, kama ilivyo kwa Smirnoff kati ya Uingereza na Marekani. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 37.5 ina mililita 262.5 za kileo halisi, ilhali ya mililita 750 yenye asilimia 40 ina mililita 300. Zikiwekwa bega kwa bega zinaonekana karibu sawa, lakini ile ya kwanza inapaswa kuuzwa kwa pungufu ya moja ya nane ndipo ilingane na ya pili. Mimi hugawanya bei kwa ujazo kila mara, na mara nyingi chupa ya lita nzima ndiyo inayoshinda, kwa kuwa vodka iliyofungwa vizuri na kuwekwa mbali na jua haiharibiki upesi.

Anayetaka kujua anachokipenda asitegemee maneno yangu wala ya mwingine yeyote. Nunua chupa ndogo za chapa mbili au tatu zilizotokana na mimea tofauti, umwombe mtu akumiminie kiasi kidogo katika glasi zinazofanana, zikiwa na namba chini yake, nawe usiwepo anapomimina. Vodka hizo zisiwe zimetoka kwenye friza. Vodka ya asilimia 40 haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, kwa hiyo friza ya nyumbani huifanya nzito na tamu mdomoni bila kuigandisha, lakini baridi hiyo hufunika kasoro zake na sifa zake pia. Ionje ikiwa na joto la chumba, kwanza kwa pua, kisha kwa tone dogo linalozunguka ulimi wote, kisha uongeze maji kidogo uonje tena. Maji huzima mchomo na kuruhusu harufu ya nafaka kujitokeza. Kunywa maji na kula kipande cha mkate mkavu kati ya glasi na glasi. Zisizidi tatu kwa kikao kimoja, maana baada ya hapo ulimi umechoka na hukumu yako haina thamani tena. Ukishajua unayoipenda, hapo irudishe kwenye friza uinywe baridi kadiri unavyotaka.

Vodka zenye ladha zinahitaji uangalifu wa peke yake. Absolut ilitoa ile ya pilipili mwaka 1986 na ile ya limau mwaka 1988, na hiyo ya limau ndiyo iliyosaidia kokteli ya Cosmopolitan kuenea. Zamani zaidi, huko Poland kulikuwa tayari na Żubrówka, inayotiwa unyasi mmoja ndani ya chupa na kutoa harufu inayokaribia vanila na majani makavu yaliyokatwa. Ikichanganywa na juisi ya tofaa ni kinywaji kizuri mno, na sijui kingine kinachoweza kuchukua nafasi yake. Nyingi nyingine, hasa zile za peremende, keki na matunda yenye rangi kali, sizipendekezi. Ulaya inaruhusu vodka yenye ladha kuwa na utamu wa hadi gramu 100 kwa lita, kiwango kinachotosha kuificha pombe yenyewe, na mtu hujikuta amekunywa zaidi ya alivyokusudia kwa sababu ulimi haukumwonya. Marekani kwa upande wake inaruhusu vodka ya namna hii ishuke hadi asilimia 30, kwa hiyo soma kiwango kabla ya kulinganisha bei yake na ya vodka ya kawaida.

Njia bora zaidi, na ya bei nafuu, ni kuitia ladha mwenyewe. Chukua vodka ya rafu ya kati, umenye ganda la limau moja au mawili kwa kisu chembamba bila kuchukua ule utando mweupe wa ndani, kwa sababu ndio unaoleta uchungu, kisha ulitumbukize ndani ya vodka hiyo kwenye mtungi wa kioo wenye mfuniko. Ndani ya siku mbili au tatu rangi na harufu zitakuwa zimehamia, na hapo uchuje mara moja. Tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba huenda kwa muda huo huo. Kijiti cha vanila kinahitaji wiki. Punje za kahawa zikae siku moja tu, maana zikizidi hutoa uchungu, na pilipili ionjwe kila baada ya saa chache, kwa sababu ukali wake hupanda ghafla na hauna namna ya kupunguzwa isipokuwa kwa kuongeza vodka nyingine. Ladha hizi hazina sukari hata kidogo. Anayetaka utamu ataongeza kwenye glasi yake mwenyewe.

Usinunue kamwe chupa ambayo lakiri yake imelegea, ambayo lebo yake imebandikwa upande au ina makosa ya herufi, au inayouzwa kwa bei ambayo haiwezekani kwa chapa hiyo. Pombe bandia inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua, na methanoli haitambuliki kwa kuonja wala kunusa. Katika jambo hili siangalii nafuu hata kidogo.

Ningekuwa nachagua chupa moja tu kwa nyumba inayopokea wageni wa kila aina, ningechukua vodka ya ngano ya rafu ya kati yenye asilimia 40, katika ujazo wa lita moja, kwa sababu inanyweka kavu bila aibu na inachanganyika na chochote. Chupa ya pili, kwa anayependa kunywa polepole bila kuchanganya, ingekuwa ya rai. Kwa zawadi hali ni tofauti: hapo uzuri wa chupa na jina lake ni sehemu halali ya unacholipia, na ningemchukulia mtu Belvedere au Chopin isiyotiwa kitu kuliko yoyote yenye ladha, maana ladha huchaguliwa na anayekunywa.