Pepa ya Kiingereza: maswali yenu ya kusikiliza na kusoma

Assalamu alaykum na hamjambo nyote, wa Amu mjini, wa visiwani na nyinyi wa Malindi. Tangu mock, ile mitihani ya majaribio kabla ya KCSE ya kumaliza sekondari, zirudi, maswali ya Kiingereza yamekuwa mengi kuliko ya somo lengine lolote, na karibu yote yazunguka mambo mawili tu, kusikiliza na kusoma. Yaliofanana nimeyaunganisha. Penye kazi ntakaa, pasipo na kazi ntapita haraka, manake Novemba hio hapo.

Mwalimu, kuna mwenzangu asema KCSE ya Kiingereza ina kusikiliza, ati tutawekewa redio darasani tujibu. Ni kweli? Mimi sijawahi kufanya mtihani kama huo. (Form four, Mokowe)

La mwanangu, hakuna redio. Pepa ya kwanza ni masaa mawili, maksi 60, na ina sehemu tatu: ile ya kuandika barua ama ripoti ama memo maksi 20, kujaza mapengo maksi 10, halafu oral maksi 30. Hio oral ndo kusikiliza na kuzungumza kwenyewe na waijibu kwa kalamu, kimya, hakuna anaezungumza.

Lakini usifurahi mapema, manake masikio yako yanapimwa vilevile. Unaulizwa neno gani latamkwa sawa na hili, herufi gani haisikiki, mkazo uko silabi gani, sauti inapanda ama inashuka mwisho wa sentensi, unapewa mazungumzo ya simu uyakamilishe, ama wambiwa kuna mtu aenda interview utaje atakavyojiandaa. Sasa mtu ambae neno hajapata kulisikia likitamkwa atajibu nini, si atabahatisha tu, na hizi ni maksi 30 kati ya 200 za pepa zote tatu.

Chukua neno "quay". Sisi hapa gati twaiona kila siku, boti zaingia zatoka, lakini ukilisoma hilo neno kwa mazoea ya Kiswahili utasema "kwei", kumbe latamkwa "kii", sawasawa na "key" ya ufunguo. Ndo swali lenyewe hilo. Kwenye "debt" ile b haisikiki, "receipt" p haisikiki, "island" s haisikiki, na hata "listen" ina t iliokaa bure. Kiswahili twakitamka kilivyoandikwa, bas mtoto wa pwani anakichukulia Kiingereza hivyohivyo miaka minne yote na hakuna aliemstua. Kwa hivyo kuanzia leo neno jipya lisiingie kwenye daftari lako kama hujalisikia. Kamusi nyingi za simu zina alama ya spika, bonyeza, sikiliza, sema kwa sauti, ndo uandike.

Zile za sauti zinazokaribiana nakosa kila mara, ship na sheep, cat na cut na cart, mimi zote nazisikia sawa tu. (Msichana, Faza)

Wazisikia sawa kwa sababu Kiswahili kina irabu tano pekee, a e i o u, na Kiingereza kina zaidi ya kumi, sasa sikio lako linazichukua zote hizo na kuzitia kwenye vile vyumba vitano linavyovijua. Si ujinga, ni mazoea, na mazoea yanavunjika.

Na nyinyi watoto wa madrasa mna kitu wengi hawana. Alosoma tajwid, kanuni za kuisoma Qur'ani, anajua vizuri kwamba kuvuta sauti na kutoivuta ni mambo mawili tofauti, na ustadhi wako hakukuachilia upite na madda ukaifanya fupi. Basi lichukue sikio hilohilo ulipeleke kwenye Kiingereza. "Sheep" ivute, "ship" ikate, na ile fupi ilegeze kidogo iwe inaelekea kwenye e. Vilevile "think" na "this", wengi bara huzifanya "tink" na "dis", wewe thamani na dhahabu wazitamka tangu mdogo, hapo uko mbele tayari.

Mkazo ndo unaotusumbua zaidi. Sisi mkazo wetu umetulia, silabi ya pili kutoka mwisho, kitaabu, kitabuuni, hauhangaiki. Kwa Kiingereza unahama. "Record" ikiwa ni kitu, mkazo mwanzo, ikiwa ni kitendo cha kurekodi, mkazo mwisho, na "present" ni vivyo hivyo. Na swali la kujibiwa ndio ama la, kawaida sauti yapanda mwishoni, lile la what, where, why sauti yashuka.

Zoezi lake halihitaji pesa. Kaeni wawili, mmoja ampe mwenzake mgongo asome maneno jozi jozi kutoka kwa orodha, mwengine aandike alichosikia, kisha mbadilishane. Mgongo ni muhimu, mkitazamana utasoma midomo yake. Ila kwanza nyote wawili myasikie kwenye kamusi, msije mkafundishana makosa.

Nikisikiliza taarifa ya Kiingereza nashika neno moja moja halafu yote yanipita. Na huku Kizingitini mtandao wakatika na bando ni ghali. Nifanye nini? (Form three)

Hili swali nalipenda sana manake ndo penye kazi yenyewe. Tatizo lako si msamiati, nina hakika hizohizo sentensi ukipewa kwa maandishi utazielewa. Tatizo ni kwamba wao wakizungumza maneno yanashikana. Wewe wangoja usikie "did you", kinachokuja ni "diju". Wangoja "pick it up", kinachokuja ni "pikitapu", neno moja refu usilolijua, na huku wewe wafikiria hilo, sentensi tatu zimekwisha pita.

Dawa yake ni kusikiliza ukiwa na maandishi karibu. BBC Learning English wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, ni cha dakika sita kama jina lake, na kila kipindi kina maandishi yake yote, bure. Siku ukija mjini penye mtandao mzuri shusha vipindi kadhaa na maandishi yake, weka kwenye memori kadi, umeshamaliza habari ya bando. Tena ukirudi wapitishie wenzako kwa Bluetooth.

Sasa usikilizaji wake uko na mpango. Chukua dakika moja ya mwanzo tu, usiwe na tamaa ya kumaliza sita. Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika, ujue tu wanazungumza nini. Mara ya pili simamisha kila sentensi uandike ulichosikia, pale usiposhika acha pengo, usibuni. Mara ya tatu jaribu kuyaziba mapengo. Ndo ufungue maandishi, uchukue kalamu nyekundu, utie alama kila ulipokosa, na ukitazama vizuri utakuta mengi uliokosa ni vijineno unavyovijua tangu class three, of, to, have, been, was, vimemezwa na maneno ya jirani. Mwisho soma ile dakika kwa sauti pamoja nao, kwa kasi yao. Hio ni nusu saa hivi. Fanya kila siku baada ya isha ama baada ya alfajiri kabla nyumba haijaamka, utanambia.

Na kusikiliza huku waosha vyombo? Ni vizuri kuzoea lafudhi, lakini usiihesabu kuwa ndo kusoma.

Mwanangu jioni yuko Shela na watalii, Kiingereza chamtoka kama maji, lakini mock amepata D. Mimi sielewi mwalimu. (Mama, Langoni)

Pole mama yangu, na usimvunje moyo, alicho nacho ni kitu kikubwa. Sikio lake limefunguka na hana woga, hayo wengine wanayatafuta. Lakini kule ufukweni akisema "yesterday I go Manda" mtalii anaelewa, anacheka, safari inaendelea, na hakuna anaemsahihisha. Mtihani unamtaka "went". Pia kule haandiki, hasomi kifungu kirefu akajibu kwa kilichoandikwa.

Kama angekuwa wangu ningemwambia kila akirudi aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza wa yale waliozungumza, nani kauliza nini, akamjibu vipi, ampelekee mwalimu wake aukosoe. Atakuwa anakiandika kile anachokijua kwa mdomo, na yale makosa yake ya kila siku yatajitokeza yenyewe. Na saa za Shela zipunguzwe mpaka pepa ziishe, kwa upole lakini zipunguzwe.

Mimi niko Malindi, Kitaliano nasikia kuliko Kiingereza, chaniharibia? (Form four)

Hakikuharibii. Angalia tu maneno yanaofanana sura yakatofautiana maana, na usizitie irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, ambalo ni tatizo letu sote wa Kiswahili hata bila hicho Kitaliano.

Ufahamu nauelewa lakini muda hauntoshi, namaliza pepa ya pili nikiwa sijagusa grammar. (Wengi sana, Lamu na Malindi)

Pepa ya pili ni maksi 80 kwa masaa mawili na nusu. Ufahamu 20, dondoo la setibuku (kitabu cha fasihi mlichosomeshwa) 25, shairi ama hadithi simulizi 20, grammar 15. Dakika ni 150, kwa hivyo kila maksi ina chini ya dakika mbili. Mimi wanafunzi wangu huwambia ufahamu dakika 35, dondoo 45, shairi 35, grammar 20, zinabaki 15 za kupitia. Saa ikifika, hama, hata kama swali halijakaa sawa. Maksi za grammar hazina haja ya kufikiri sana kwa mtu alojiandaa, na nyinyi mwaziacha mezani mkihangaika na swali moja la maksi mbili.

Muda wenyewe unapotea wapi? Unapotea kwenye kusoma kifungu mara nne. Soma maswali kwanza, haraka, usijibu, ujue tu watafuta nini. Kisha soma kifungu chote mara moja kwa utulivu na penseli mkononi, ukikutana na jambo la swali la tatu andika 3 pembeni. Hapo ukirudi kujibu hutafuti, waenda moja kwa moja.

Halafu mambo yanaowaangusha hata wenye Kiingereza kizuri. Ukiulizwa maana ya neno kama lilivyotumika, jibu lako lazima liweze kukaa mahali pa neno lile na sentensi isimame, kwa hivyo "reluctant" ni "unwilling", si "to refuse". Ukiambiwa uandike notsi, andika notsi, ukijaza sentensi kamili za insha wakatwa. Ukiambiwa maneno yasizidi idadi fulani, yahesabu. Na jibu ni lile la kwenye kifungu. Nimeona karatasi za watoto wa hapa, kifungu kinazungumzia uvuvi na mtoto ameandika mambo ya kweli kabisa anayoyajua kutoka kwa babake, ya nyavu na ya kasikazi, mazuri kuyasoma, na maksi ni sufuri kwa sababu mwandishi wa kifungu hakuyasema.

Mapengo yana siri gani? (Mpeketoni)

Soma kifungu chote mpaka mwisho kabla hujajaza hata moja. Kisha kila pengo jiulize ni neno la aina gani, kitendo, jina, ama vile viunganishi na vihusishi, utakuta vidogo ndo vingi. Neno moja tu kwa pengo. Ukimaliza kisome chote kwa sauti ya ndani, lililokaa vibaya utalisikia.

Nimemaliza shule, nataka kusoma nje na wameniomba IELTS. Huko kuna kusikiliza kwa kweli? (Malindi)

IELTS ni mtihani wa Kiingereza wa wanaotaka kwenda nje, na huko ndio kuko. Kusikiliza ni kama dakika 30, sehemu nne, maswali 40, na sauti inapita mara moja tu, hakuna kurudia. Yaanza na mazungumzo mepesi, mtu labda anaweka nafasi ya chumba, yaishia kwa mhadhara wa chuo, na lafudhi zinachanganyika, za Uingereza, Australia, Marekani. Ukipitwa na swali liachilie papo hapo, ukilililia utapoteza mawili yanaofuata. Kosa halikatwi maksi, kwa hivyo usiache pengo tupu. Na angalia, mara nyingi msemaji atataja saa tatu kisha abadilishe mawazo aseme saa nne, jibu ni lile la mwisho.

Kusoma ni dakika 60, maswali 40, na ukichukua ile ya kwenda chuo ni vifungu vitatu virefu. Kinachowashinda wengi ni lile swali la kweli, si kweli, ama haikutajwa. Tuseme kifungu kimesema Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Ukiulizwa uliingia 1995, hio si kweli. Ukiulizwa kama watalii waliongezeka baada ya kuingia, jibu ni haikutajwa, hata kama wewe umezaliwa Mkomani na una ushahidi wa macho yako.

Matokeo yake yanatumika miaka miwili, kwa hivyo usikimbilie kuufanya leo na maombi ya chuo ni ya mwaka wa tatu kutoka sasa. Panga tarehe ya chuo kwanza.

Nikikosea spelling? (Form four, Amu)

Kwenye mapengo neno lilioandikwa vibaya ni kosa, hata kama ulilifikiria sawa. IELTS pia spelling inahesabiwa, ila ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubaliwa. Yale maneno ya kalamu nyekundu yakusanye ukurasa mmoja nyuma ya daftari, na kila Ijumaa mpe mtu wa nyumbani akusomee uandike.