Kabla ya kumtafutia mkulima mnunuzi wa Ulaya

Wengi wanaotaka kuwasaidia wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe huanza na swali hili: mnunuzi tutampata wapi? Nimefanya kazi na vikundi vya wakulima huku Nyanda za Juu Kusini, na ushauri wangu ni kwamba mnunuzi aje baadaye. Anzeni na tunda likiwa bado mtini.

Parachichi hukomaa mtini lakini huiva baada ya kuchumwa. Kwa macho, Hass, aina ya parachichi inayouzwa sana nje, changa na iliyokomaa huweza kufanana kabisa. Changa ikifika Ulaya baada ya wiki kadhaa melini, hunywea na kuwa ngumu kama mpira. Sasa mkulima anadaiwa ada ya shule, na dalali amesimama shambani na fedha mkononi. Atachuma tu, na simlaumu.

Ndiyo maana kikundi kinahitaji kipimo chake chenyewe cha ukomavu: kadiri tunda linavyokomaa, maji hupungua na sehemu kavu huongezeka. Mizani ndogo ya gramu na maikrowevu vinatosha. Chukueni matunda ya miti tofauti, muyamenye, mparuze nyama yake kama mnavyoparuza karoti. Pimeni gramu 10, mkaushe kidogo kidogo bila kuunguza, mkipima tena na tena hadi uzito usipungue. Zikibaki gramu 2.1, hiyo ni asilimia 21 ya sehemu kavu, kiwango cha chini cha Umoja wa Ulaya kwa Hass. Mimi huwaambia wasubiri ifike 2.4, maana wanunuzi wengi hudai zaidi ya kiwango hicho. Mzee aliyebishana nami asubuhi nzima akiisoma mizani mwenyewe, hana haja tena ya maneno yangu.

Uchumaji uwe wa mkasi, kikonyo kifupi kibaki. Tunda lililong'olewa kikonyo hupata upenyo wa kuoza, na lililoanguka lisichanganywe na mengine. Tumieni kreti, kivulini, siyo viroba.

Halafu daftari la dawa: jina la dawa, kiasi, tarehe, shamba. Hapa msiwe na huruma. Ulaya, dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu ukomo wa mabaki yake kwenye tunda ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja katika tani 100! Na kwa kuwa matunda ya wakulima wengi husafiri kontena moja, dawa ya mmoja inaweza kuwaponza wote.

Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na TAHA ya Arusha, chama cha wadau wa kilimo cha mboga, matunda na maua, imezoea kuwaongoza wakulima katika taratibu hizi. Waulizeni mapema, msingoje msimu.

Mkishafika hapo, mwiteni mnunuzi. Mkataba useme bei ni ya kilo zilizopimwa shambani au zilizopita kwenye uchambuzi, hasara ya yaliyokataliwa ni ya nani, na malipo yanaingia tarehe gani. Mwakilishi wa kikundi awepo matunda yakichambuliwa. Mnunuzi akilikataa hilo, tafuteni mwingine.