Dada, usifungue shauri la talaka kwa barua ya wazee wa kanisa

Dada mleta mada, kesho usiende mahakamani. Umeandika kwamba mlifunga ndoa kanisani, kwamba mumeo yuko Mwanza na mwanamke mwingine tangu mwaka juzi, na kwamba mwandishi wa hati anayekaa nje ya Mahakama ya Mwanzo amekuhakikishia kuwa barua ya wazee wa kanisa yenye mhuri inatosha kufungulia shauri la talaka. Umeuliza pia talaka inatofautianaje na kutengana, nyumba itakuwaje, na watoto wakae na nani. Yote ni maswali ya haki, lakini iliyoninyima usingizi ni hiyo barua, kwa sababu niliwahi kuingia mahakamani na ya namna hiyo hiyo.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mtu kuomba talaka mpaka mgogoro uwe umepelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo liwe limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wazee si Baraza, mshenga si Baraza, na kikao cha ukoo si Baraza hata kama kilichinja mbuzi wawili. Baraza ni chombo kilichowekwa kisheria: kwenye kata kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na Baraza la Kata, na zipo jumuiya za dini ambazo vyombo vyake vimeteuliwa na Waziri kuifanya, BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wakiwa mfano unaojulikana zaidi. Kanisa lako laweza kuwa na Baraza la namna hiyo au lisiwe nalo. Uliza uonyeshwe, wala usiridhishwe na mhuri.

Barua yangu ilipendeza kuitazama. Ilikuwa na nembo juu, mhuri wa zambarau chini, saini za wazee zimepangwa kwa ukubwa wa vyeo, na aya ya mwisho ilisema kwamba kikao "kinawaombea wanandoa hawa wazidi kumtafuta Mungu". Mahakama ya Mwanzo iliipokea, ikasikiliza mashahidi, ikavunja ndoa na kugawa mali. Nikapata kiwanja, nikakiuza, na sehemu ya fedha nikaipeleka kutoa mahari kwingine, maana nilijiona mtu huru. Mwenzangu akakata rufaa, naye alilalamikia mgawanyo wa mali tu. Hiyo barua hakuigusa kabisa. Mahakama yenyewe ndiyo iliyoifukua. Hakimu aliisoma ile aya ya mwisho kwa sauti, akaniuliza ni sentensi ipi humo inayosema kwamba usuluhishi umeshindikana. Nikaitazama barua, nikamtazama hakimu, nikaitazama barua tena. Mwenendo wote ukafutwa, hukumu ikabatilishwa, nami nikarudishiwa cheo cha mume wa mtu bila suti wala kwaya.

Hapo ndipo gharama zilipoanza. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ya wanandoa inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, kwa hiyo amri ilipokufa, mgawanyo nao ulikufa, na kiwanja nilichokuwa nimekiuza hakikuwa tena changu cha kuuza. Mnunuzi alikuja na mjumbe wa shina akidai fedha zake, na alikuwa na haki. Wakwe watarajiwa, kwa upande wao, walinijibu kwa upole mkubwa kwamba mahari haiwezi kurudi kwa sababu mtu amekosea karatasi. Shauri lilianza upya tangu mwanzo, mashahidi wakiwa wamechoka, na mmoja wao akidai nauli ya mara ya kwanza ambayo sikuwa nimemlipa.

Sasa nizungumze kuhusu aliyeniandikia yale madai. Hawa tunaowaita vishoka hawasomi sheria, wanasoma uso wa mteja, na wakiona una haraka wanakuuzia haraka. Nilipomrudia na nakala ya uamuzi wa rufaa, hakushtuka hata kidogo. Alinishauri nifungue shauri jipya, kisha akanitajia bei, nayo ilikuwa imepanda. Tangu mwaka 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wapo, nao wangenieleza jambo hili bure. Lakini yeye alikuwa na meza, mashine ya kuchapa na miwani, basi nikaona nimefika kwa msomi.

Hati unayoitafuta, yaani ule uthibitisho wa Baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ni ile ambayo wengi huiita Fomu Namba 3. Mwite mumeo mbele ya Baraza. Mawakili hawaruhusiwi kuwawakilisha wanandoa humo, kwa hiyo usiogope kwamba atakuja na mtu wa suti. Akiitwa akakataa kwa makusudi kufika, hilo nalo sheria imelitazama na halitakuzuia kuendelea, ila hakikisha Baraza limeandika kwamba aliitwa na hakuja. Kuna mchangiaji hapo juu amekushauri useme hujui mumeo aliko, ili uruke Baraza kabisa. Ni kweli kwamba aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake yuko wapi amesamehewa hatua hiyo, lakini wewe umetuandikia hapa mpaka jina la mtaa anaoishi. Utaapa nini mbele ya hakimu?

Ukiipata hati, usiifungie kabatini ukisubiri mavuno. Kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Mimi, katika mzunguko wa pili, niliipata halali kabisa, nikakaa nayo nikikusanya fedha za wakili, ikaisha muda nikiwa nimeiweka kwenye bahasha ya plastiki ili isichakae. Haikuchakaa.

Kuhusu kutengana, kwa ufupi: mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana, mkaondolewa wajibu wa kuishi pamoja, lakini ndoa inabaki, na kwa ndoa ya kanisani hakuna kati yenu anayeweza kufunga nyingine. Masharti ya kifungu cha 101 yamewekwa kwa ajili ya talaka. Ukishaamua kwamba ni talaka unayoitaka, tunarudi kwenye hati ile ile.

Basi asubuhi nenda ofisi ya kata, umwone mtendaji, uulize siku ambazo Baraza hukaa. Siku ukikabidhiwa hati, isome ukiwa bado umesimama mbele ya katibu: majina yenu yote mawili yawe sahihi, matokeo ya usuluhishi yawe yameandikwa, iseme waziwazi kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha, na iwe na saini, mhuri na tarehe. Kikikosekana kimojawapo, usitoke ofisini humo. Kisha uje hapa uniandikie hiyo tarehe, tuhesabu pamoja miezi sita inaishia lini.